Jani Jekundu na Moto wa Mwisho wa Kiangazi

Shauri kwa wakulima wakaao katika nchi ya miombo



Katika nchi ya miombo, tangu Tabora na Katavi mpaka Mbeya, Ruvuma na Lindi, moto hupita porini kila mwaka. Karatasi hii haikuandikwa ili kuwaambia kwamba moto ni mbaya. Maneno hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na mara nyingine mmeyasikia kwa watu wasiojua kushika jembe. Neno langu ni lingine, nalo ni hili: madhara ya moto hutegemea siku unapowashwa, na siku hiyo yafaa ipimwe kwa majani ya miti. Moto wa mwezi wa sita na moto wa mwezi wa kumi huitwa kwa jina moja, lakini kazi zao hazifanani. Mtu awashaye moto wakati miti inapotoa majani mapya huharibu kwa alasiri moja mali iliyokuwa ikikua kwa miaka mingi, na mali hiyo mara nyingi si yake peke yake.

1. Desturi ya miti ya miombo

Mambo haya kila mkulima ameyaona, ingawa huenda hakupata nafasi ya kuyafikiri. Mvua za upande wa Tabora hukoma mwezi wa nne au wa tano. Nyasi hukauka kidogo kidogo, kwanza vilimani na mahali penye mchanga, mwisho kabisa mbugani. Miti hukaa na majani yake ya zamani kwa muda, kisha huyapukutisha, hasa katika mwezi wa nane na wa tisa. Ndipo huja jambo la kustaajabisha. Mvua haijanyesha bado, visima vimepungua, na ardhi ni ngumu kama tofali. Hata hivyo mtundu, myombo na jamaa zao huanza kuchipua. Majani hayo machanga hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya damu ya mzee, hata mgeni akiyatazama kwa mbali hudhani kwamba pori limechanua maua. Baada ya majuma machache hugeuka kijani, na mvua zifikapo mwezi wa kumi na moja huyakuta yako tayari kufanya kazi.

Je, mti hupata wapi maji ya kuchipua katika ukavu huo? Huyapata katika mizizi iendayo chini sana, na katika akiba iliyowekwa ndani ya shina. Chakula cha kujenga majani hayo hutoka katika wanga uliohifadhiwa mizizini tangu masika yaliyopita. Kwa hiyo mti wa mwezi wa tisa ni kama mwenye nyumba aliyetoa mbegu yake ya mwisho ghalani akaipanda. Mbegu hiyo ikiliwa na ndege kabla ya kushika, haina nyingine ya kushika mahali pake ila kwa taabu kubwa.

Moto ukipita wakati huo majani machanga huungua. Mti mkubwa wenye gome nene huweza kustahimili. Hutafuta akiba nyingine na kuchipua mara ya pili. Lakini mche ulio chini ya kimo cha miali hufa mpaka kwenye udongo, ukaanza upya kutoka mizizini. Mwaka wa pili moto huja tena, nao huanza tena. Mche unaotendwa hivyo miaka kumi una umri wa miaka kumi na kimo cha mwaka mmoja.

Tazameni mninga, mti tuupendao kwa milango, vitanda na meza. Mche wa mninga, kwa desturi yake wenyewe, hufa sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua tena, huku mzizi ukinenepa ardhini mwaka baada ya mwaka. Hufanya hivyo mpaka siku moja uwe na nguvu ya kutoa shina la haraka lipitalo kimo cha moto. Moto mkali wa kila mwaka huisogeza mbele siku hiyo, na pengine huizuia isifike kamwe. Kwa sababu hii katika sehemu nyingi mtu huona mininga mikubwa michache, lakini haoni miche ya kuirithi. Watu husema, "Mafundi wameimaliza." Mafundi wana sehemu yao katika lawama, lakini fundi hukata mti mkubwa tu, na moto wa mwisho wa kiangazi huua wajukuu wake wote.

2. Tofauti ya moto wa mapema na moto wa mwisho

Katika mwezi wa tano na wa sita nyasi za vilimani zimekauka juu, lakini chini zingali na unyevu, na za mbugani ni mbichi. Usiku umande huanguka. Moto uwashwao wakati huo hutambaa, huruka sehemu nyingi bila kuzigusa, na ukifika penye ubichi huzimika wenyewe. Pori hubaki na mabaka, hapa peusi, pale pazima. Na mabaka hayo huwa njia za kuzuia moto mwingine utakaokuja baadaye.

Katika mwezi wa tisa na wa kumi nyasi zimekauka mpaka mizizini. Majani yaliyopukutika yametanda chini, jua ni kali, na upepo wa mchana una nguvu. Miali hupanda juu ya kichwa cha mtu, huvuka njia na vijito vikavu, na hakuna kitawi cha kupigia kitakachouzima.

Liko na jambo la udongo, ambalo wengi hawalitaji. Moto wa mapema hupita kabla majani ya miti hayajaanguka. Yakianguka baadaye, hufunika udongo kama mkeka na kuungoja msimu wa mvua. Moto wa mwisho huteketeza nyasi na majani pamoja. Naitrojeni, ambayo ni nguvu ya mahindi yetu, huondoka na moshi pamoja na salfa. Majivu yabakiayo yana faida, lakini mvua ya kwanza, ambayo kwa kawaida hupiga kwa kishindo, huanguka juu ya ardhi tupu na kuyachukua majivu hayo na udongo wa juu hata mtoni.

3. Mfano wa misitu ya kaskazini

Uhusiano huu wa jani na moto hauko kwetu tu. Uko pia katika misitu ya nchi za baridi, lakini huko umepangwa kwa namna nyingine, na kwa kulinganisha twaweza kuifahamu vizuri zaidi hali yetu.

Katika nchi ya Kanada theluji hufunika ardhi miezi mingi. Katika sehemu kubwa ya misitu huyeyuka karibu na mwezi wa nne, ikaacha wazi nyasi na majani yaliyokufa ya mwaka uliopita. Jua na upepo huvikausha vitu hivyo upesi. Miti ya majani mapana bado i uchi, haina kivuli. Hata jamii ya misonobari, isiyopukutisha majani, huwa na maji machache katika sindano zake wakati huo kuliko baadaye. Basi kati ya kuyeyuka kwa theluji na kutoka kwa majani mapya pana majuma machache ambayo msitu huwa tayari kuwaka. Mwaka 2016, tarehe 1 mwezi wa tano, moto ulionekana msituni karibu na mji wa Fort McMurray katika jimbo la Alberta. Tarehe 3 ukaingia mjini. Watu zaidi ya 80,000 walihamishwa, na majengo yapatayo 2,400 yakateketea.

Majani mapya yakiisha kutoka huko, hujaa maji, hutia kivuli ardhini, na nyasi mbichi huota chini yake. Moto wa chini hupata taabu kupita katika miti hiyo. Kwa hiyo watunzaji wa misitu wa nchi hizo huyangoja majani kama dalili kwamba hatari ya majira hayo inapungua.

Kwetu mambo ni kinyume. Jani jipya la Kanada hutoka likaifunga hatari. Jani jipya la miombo hutoka hatari ikiwa katika kilele chake, huku nyasi kavu zimesimama chini yake. La kwao ni ngao, na la kwetu ni mtoto mchanga anayehitaji ngao. Ndiyo maana mtu asifikiri kwamba pori likianza kuonekana bichi juu, basi moto hauna neno. Wakati huo ndio wenye neno kubwa kuliko wakati wote.

4. Ushahidi wa Ndola na wa Shinyanga

Huenda mtu akauliza: haya yamejaribiwa? Yamejaribiwa. Huko Ndola katika nchi ya Zambia, iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, majaribio yalianzishwa mwaka 1933 katika pori la miombo. Viwanja vingine vilichomwa kila mwaka mapema, vingine vilichomwa mwisho wa kiangazi, na vingine vililindwa visiguswe na moto. Bwana C. G. Trapnell alitangaza matokeo mwaka 1959. Katika viwanja vya moto wa mwisho miti iliendelea kupungua na nyasi zikatawala. Katika viwanja vya moto wa mapema miti ilidumu. Katika viwanja vilivyolindwa miti ilizidi na kuwa msitu mzito. Ardhi ilikuwa ile ile, na mvua ile ile. Kilichotofautiana ni moto.

Ushahidi wa pili uko katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1920 mbung'o walienea upande wa Shinyanga, wakaua ng'ombe na kuwafukuza watu katika ardhi yao. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori wa Tanganyika, alitaka kuondoa vichaka ambamo mbung'o hukaa. Shauri lake moja lilikuwa kwamba watu wazuie moto wa mapema, waache nyasi zikauke kabisa, kisha pori lichomwe mwisho wa kiangazi kwa moto mkali. Simlaumu kwa kupigana na mbung'o, kwa maana alikuwa adui wa kweli. Nataka tuutazame ushahidi tu: mtu aliyekusudia kuua miti, akiwa na elimu yake yote, alichagua moto ule ule ambao sisi twauwasha bila kukusudia.

Baadaye, kwa kukata na kuchoma, pamoja na kuongezeka kwa mashamba na mifugo, sehemu kubwa za Shinyanga zikawa tupu. Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Kazi hiyo iliitia nguvu desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi. Katika ngitili nyingi miti ilirudi, mingi kutoka katika mizizi iliyokuwa hai ardhini bila mtu kuipanda. Mizizi ilikuwa ikingoja kuachwa ipumue.

5. Hoja za wanaochoma

Sisemi kwamba wachomao ni wajinga. Kila mmoja ana sababu, na sababu yafaa ijibiwe kwa sababu.

Mfugaji husema kwamba huchoma ili ng'ombe wapate nyasi changa. Ni kweli, nyasi huchipua baada ya moto. Lakini huchipua pia baada ya moto wa mapema, maana ardhi ingali na unyevu kidogo. Achomaye mwezi wa tisa huteketeza kwanza chakula kikavu alichobaki nacho, kisha hutazamia mvua ambayo huenda ikachelewa.

Mrina asali husema kwamba hawezi kwenda kwenye nyuki bila mwenge. Namjibu kwa heshima kwamba yeye ndiye apataye hasara kuliko wote. Mtundu hutoa maua yake karibu pamoja na majani mapya. Moto ukiunguza chipukizi, maua huungua pia, na nyuki hukosa malisho. Tena mizinga ya magome na ya magogo huning'inia katika miti ile ile. Bomba la moshi lenye mfuniko hutoa moshi bila kudondosha makaa. Na atumiaye mwenge achukue maji, asafishe nyasi chini ya mti kabla ya kupanda, wala asiondoke mpaka kila kaa limepoa.

Mkulima husema kwamba lazima asafishe shamba kabla ya mvua. Hapo twagusa jambo letu wenyewe, kwa maana moto wa mashamba ni mmojawapo wa mioto itokayo zaidi mikononi mwetu. Mabua na magugu hayana haja ya kuchomwa yote. Yakilazwa mistari kukata mteremko huzuia maji. Yakifukiwa katika shimo pamoja na samadi huwa mbolea. Wapandao tumbaku wana sababu zaidi, kwa maana wengi wao hukausha tumbaku yao kwa kuni. Wakiua miche leo, kesho watazifuata kuni mbali.

6. Marufuku peke yake haitoshi

Sasa sina budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wakubwa wetu. Mahali pengi dawa ya pekee inayotolewa ni tangazo: "Ni marufuku kuchoma moto." Tangazo hilo hubandikwa mlangoni pa ofisi, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Kwa maoni yangu tangazo la namna hiyo lina hatari mbili. Ya kwanza: likitiiwa mwaka mmoja au miwili, nyasi hulundikana, za mwaka huu juu ya za mwaka jana, na cheche moja ya mpita njia katika mwezi wa kumi huleta moto mkubwa kuliko ile ya zamani. Viwanja vya Ndola vilivyolindwa vilistawi kwa sababu vililindwa kweli; tangazo la karatasi haliwezi kulinda kitu. Ya pili: mtu akatazwaye kuchoma wakati wowote huchoma kwa siri, na achomaye kwa siri hukimbia, hakai kuulinda moto wake. Hivyo makatazo yasiyo na mafundisho hugeuza moto unaoweza kuangaliwa kuwa moto usio na mwenyewe.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu yake juu ya moto, nayo hukiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuutungia taratibu. Hiyo ni njia njema. Lakini sheria iliyoandikwa mjini haiwezi kujua ni siku gani nyasi za kilima chenu zimekauka nusu, wala ni siku gani mtundu wa kwanza umechipua. Jambo hilo hujulikana na watu wa mahali, na hao ndio wapasao kupewa kazi ya kuchagua siku, wakishauriana na ofisa wa misitu na kupata ruhusa ipasavyo.

7. Mambo ninayoshauri

(a) Mwezi wa tano, kabla nyasi hazijakauka sana, kijiji kifanye mkutano wa moto. Wafugaji, warina asali, wakulima na akina mama wanaookota kuni wote wawepo. Wachague sehemu zitakazochomwa mapema na sehemu zitakazopumzika mwaka huo.

(b) Sehemu zilizochaguliwa zichomwe nyasi za vilimani zikiwa zimekauka na za mbugani zingali mbichi. Moto uwashwe jioni, upepo ukiwa umetulia, na watu wa kutosha wawepo.

(c) Ngitili, mizinga, maghala na nyumba zizungukwe na ukanda uliolimwa au kufyekwa mpaka udongo uonekane. Ukanda huo ukaguliwe tena mwezi wa nane, kwa maana majani yapukutikayo huweza kuuziba.

(d) Jani jekundu la kwanza likionekana katika mtundu au myombo, moto wa porini ukome. Usiwashwe tena mpaka mvua zimelowesha nchi.

(e) Anayelazimika kuchoma takataka za shamba azikusanye katika malundo madogo mbali na mpaka, asafishe mahali pa kuzunguka, achome jioni, wala asilale mpaka ameyamwagia maji majivu yake.

Katika mashauri haya lililo zito kuliko yote ni lile la nne, nalo halina gharama. Halihitaji fedha, chombo, wala kusoma na kuandika. Mtoto achungaye mbuzi aweza kuliona jani jekundu na kurudi nyumbani kulitangaza. Lililo gumu ni kukubaliana kwamba atakapolitangaza, mzee wa kijiji, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na Bwana Shamba wote watatii sawasawa. Kijiji kisichoweza kukubaliana hivyo kitaendelea kuchoma miche yake kila mwaka, na watoto wake watafuata mbao za mninga katika pori la watu wengine, kwa bei ya watu wengine.

Basi kabla ya mkutano wa mwezi wa tano, chagueni mtundu mmoja ulio karibu na makazi, mahali ambapo kila mtu hupita, nanyi mjue kwamba mti huo ndio mtakaoutazama.